Si alsa, si sumu: niliyowaambia madereva wa Malaba

Hotuba hii, juu ya mshtuko wa moyo ambao wengi huuita alsa, yaani vidonda vya tumbo, au sumu, niliitoa Jumapili alasiri, chini ya mwembe, kwenye mkutano wa mwaka wa chama chetu cha akiba na mikopo cha madereva na wafanyabiashara wa Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda, upande wa Uganda. Wanachama wengi walikuwa safarini, wengine Juba, wengine wamekwama foleni hapo hapo nje ya mji, wakaomba iandikwe. Nimeiacha karibu kama nilivyoisema.

Mheshimiwa mwenyekiti wa chama, mwenyekiti wa LC1 wa kijiji, masheikh na wachungaji wetu, madereva, mataniboi wasaidizi wao, akina mama wa sokoni, vijana wa bodaboda, hamjambo? Asalaam alaikum. Bwana asifiwe. Mulembe. Yoga. Kama nimeruka salamu ya mtu, anisamehe. Hapa mpakani ukitaka kumsalimia kila mmoja kwa lugha ya kwao, jua litazama hujafika katikati.

Wengi mnanijua. Waganda mnaniita Musawo, Wakenya mnaniita Sista, na wale wa Mombasa mna jina lenu la Mama Sindano ambalo mnadhani silijui. Mimi ni muuguzi. Niliomba dakika 40, mwenyekiti akanipa 20 kwa sababu baada yangu yuko mweka hazina na habari za gawio. Najua mnamsubiri yeye kuliko mimi. Lakini gawio hulipwa kwa aliye hai, kwa hiyo nivumilieni.

Mnamkumbuka ndugu yetu aliyefia kwenye kabini ya lori, ile foleni ndefu? Jina sitalitaja. Mkewe amenipa ruhusa nisimulie. Alikuwa na miaka 47. Usiku alikula wali na nyama kwa mama mmoja hapa stendi ya malori. Saa 10 alfajiri akaamka, kifua kinabana kama mtu kamkalia. Jasho la baridi likamtoka, fulana ikalowa hadi ungeweza kuikamua. Mkono wa kushoto ukawa mzito. Taniboi wake akamwambia, "Bosi, hiyo ni alsa." Akakimbia dukani, akaleta vile vidonge vyeupe vya kutafuna, na soda. Bosi akatafuna, akanywa, akacheua. Alipocheua wote wawili wakafurahi: alsa imeachia! Akajilaza tena.

Saa 1 asubuhi foleni ikasogea. Lori lake halikusogea. Waliokuwa nyuma wakapiga honi. Wakapiga honi, ndugu zangu, wakamtukana na mama yake, mpaka mmoja akashuka kwenda kumgongea mlango.

Na baada ya hapo? Kabla ya maiti kufika mochwari, mji mzima ulishajua: sumu. Yule mama alifunga kibanda chake wiki 3. Watoto wake waliitwa watoto wa muuaji. Yuko hapa leo, ameketi kule nyuma. Mama, naomba niseme mbele ya watu hawa wote: nyama yako haikuwa na kosa, ulikuwa moyo wake.

Wazee wakasema nini? Wakasema, "Zamani hatukuona mwanaume mzima akilala na kuamka maiti. Lazima kuna mkono wa mtu." Nami nataka kuwashangaza. Wazee walisema kweli. Walisema kweli nusu.

Mwaka 1960 madaktari wa Kampala na wenzao wa mji wa St. Louis, Marekani, walichapisha hesabu ambayo kila nikiisoma nashangaa upya. Walichukua maiti 632 zilizopasuliwa Uganda, wakazilinganisha na 632 za St. Louis, wa umri huo huo na jinsia hiyo hiyo. Kule St. Louis walikuta alama za mshtuko wa moyo kwa watu 136. Kampala je? Nani atabahatisha? Mia? Hamsini? Mmoja! Mtu 1 tu kati ya 632, na yeye jeraha la moyo wake lilikuwa limeshapona, akafa kwa jambo lingine. Walitazama pia damu iliyoganda kwenye mishipa ya miguu na ya mapafu, na huko nako Waganda walikuwa nayo kidogo mno kuliko Wamarekani.

Sasa mtu atasema basi damu ya Mwafrika ina kinga yake. Pole pole. Mwaka mmoja kabla, 1959, Dkt. A. G. Shaper na mwenzake wa Makerere walikuwa wameandika kwamba ndani ya Kampala hiyo hiyo, Wahindi walikuwa wakifa sana kwa ugonjwa huu wa mishipa ya moyo, na Waafrika hapana. Mji mmoja, hewa moja. Tofauti mojawapo waliyoipima ni mafuta ndani ya damu, na yale yaliyokuwa kwenye sahani.

Kwa hiyo mzee anayesema zamani haukuwapo ugonjwa huu, anasema kweli. Nusu anayokosea ni pale anapotafuta mchawi. Babu yako alikwenda Tororo kwa miguu na kurudi. Wewe unatoka Mombasa hadi Kampala, zaidi ya kilomita 1,000, umekaa. Babu alikula matoke, maharage, mboga, na nyama siku ya sherehe. Wewe ukifika Namawojjolo dirisha linashuka, kuku wa kuchoma anapanda, na asubuhi chapati mbili na mayai zimeogelea kwenye mafuta. Na presha je? Uchunguzi wa nchi nzima wa mwaka 2014 ulikuta karibu mtu mzima 1 kati ya kila 4 Uganda ana presha, na wengi wao hawakujua kabisa. Hapa chini ya mwembe tuko kama 200. Fanyeni hesabu wenyewe, mimi nisimtazame mtu usoni.

Sasa nini kilitokea ndani ya kifua cha yule ndugu?

Moyo ni pampu ya ukubwa wa ngumi yako. Unapiga kama mara 100,000 kwa siku, na huo wote ni msuli unaohitaji kulishwa damu. Damu yake inapita kwenye mishipa yake yenyewe, iliyoushika kwa juu, na ule mkubwa una upana wa milimita 3 au 4 hivi. Mrija wa soda ni mpana kuliko huo.

Wengi mnadhani mshipa huo unaziba kama bomba linavyoota kutu, kidogo kidogo miaka nenda rudi, mpaka siku moja maji hayapiti. Hata mimi nilidhani hivyo nilipokuwa mwanafunzi. Mara nyingi sivyo. Mafuta hujikusanya ndani ya ukuta wa mshipa, kama usaha chini ya ngozi, na juu yake kuna utando mwembamba. Njia inaweza kuwa imebanwa kidogo tu. Mtu huyo anabeba gunia, anabadilisha tairi la lori, hahisi kitu. Kisha siku moja utando unapasuka kama jipu.

Na hapo damu inafanya kazi iliyoumbiwa. Ukijikata na kisu unashukuru damu ikiganda, sivyo? Chembe zake ndogo, chembe sahani, zinakimbilia pale penye mpasuko, zinashikana, nyuzi zinasukwa juu yake, bonge linapatikana, umepona. Lakini damu haina macho! Haijui kwamba jeraha hili haliko kidoleni, liko ndani ya mrija wa milimita 3. Inaganda vile vile, kwa bidii ile ile. Njia iliyokuwa imebanwa kidogo usiku, alfajiri imefungwa kabisa. Mbele ya bonge msuli unakosa damu, na ndani ya nusu saa hivi unaanza kufa.

Madaktari wenyewe walibishana miaka mingi juu ya bonge hili. Mmarekani mmoja, James Herrick, alieleza mwaka 1912 kwamba mshipa wa moyo unaweza kuzibwa na damu iliyoganda na mtu asife papo hapo, na wengi hawakumsikiliza. Wengine walisema bonge linakuja baadaye, moyo ukishakufa. Mwaka 1980 daktari Marcus DeWood na wenzake wa Spokane, huko huko Marekani, waliwapiga wagonjwa picha ya mishipa katikati ya mshtuko wenyewe. Waliopigwa picha ndani ya saa 4 za kwanza, asilimia 87 mshipa ulikuwa umezibwa kabisa. Waliopigwa baada ya saa 12 hadi 24, asilimia 65. Mnaona? Kadiri saa zinavyokwenda, bonge linaanza kuyeyuka lenyewe kwa wengine. Lakini kufungua mlango wa nyumba iliyokwisha kuungua kuna faida gani?

Ndiyo maana nazihesabu saa. Kutoka saa 10 alfajiri hadi saa 1 asubuhi ni saa 3. Yule ndugu alikuwa na saa 3, na zote 3 tulizipa alsa.

Mtaniuliza, Musawo, kwani hapa kuna dawa gani, Kampala kule ni zaidi ya kilomita 200? Dawa ya kwanza mnaijua, mnaidharau, inauzwa kwa bei ya peremende. Aspirini. Mwaka 1988 ulitangazwa utafiti mkubwa wa wagonjwa 17,187 waliokuwa na mshtuko wa moyo. Kundi moja walipewa aspirini, kila siku kwa mwezi 1. Kundi jingine walipewa dripu ya streptokinasi, dawa ya kuyeyusha bonge. Kundi la tatu walipewa zote mbili, la nne dawa bandia tu. Baada ya wiki 5, kati ya kila 100 waliopewa bandia walikufa 13. Waliopewa zote mbili, 8. Na aspirini peke yake ilikaribia kuokoa sawa na ile dripu ya bei kali.

Basi sikilizeni, na taniboi sikiliza kuliko wote, kwa sababu mgonjwa mwenyewe atakubishia. Kifua kikibana kupita dakika chache, maumivu yakapanda taya au mkono, jasho baridi, pumzi fupi, kichefuchefu, usiseme alsa. Mwambie atafune aspirini ya miligramu 300. Atafune! Si kumeza nzima, inachelewa. Kama aspirini humdhuru, au anatapika damu, au kinywa kimepinda na mkono umelegea, usimpe. Kisha hospitali. Aspirini si ruhusa ya kurudi kulala. Na asiendeshe yeye. Mnacheka? Niliwahi kumpokea mmoja aliyejiendesha mwenyewe na tela nyuma, tangu Naluwerere.

Akina mama, nyinyi na wenye sukari mna ujanja wenu. Kwenu kifua pengine hakiumi sana. Ni uchovu usio na sababu, pumzi, tumbo la juu, mgongo. Ukiona mama anayesimama sokoni siku nzima leo hawezi kupanda ngazi 3, usimwambie amezeeka.

Hilo ni bomba. Tuje kwenye umeme.

Nyinyi mnajua kuliko mimi kwamba lori linaweza kuwa na dizeli tele na likazimika. Moyo nao una nyaya zake. Juu kulia kuna kijisehemu kidogo kinachotoa cheche, cheche inashuka kwa njia yake, vyumba vya juu vinajikunja, kisha vya chini. Mara 60 hadi 100 kwa dakika ukiwa umepumzika. Mholanzi Willem Einthoven ndiye aliyeweza kuuchora umeme huu vizuri, mwanzoni mwa karne iliyopita, mgonjwa kaketi na mikono na mguu ndani ya ndoo za maji ya chumvi. Siku hizi tunakubandika nyaya kifuani na dakika chache karatasi imetoka.

Watu huchanganya mambo mawili. Mshtuko wa moyo ni bomba limeziba: mtu anaumwa, lakini anaongea. Moyo kusimama ni umeme umevurugika: mtu anaanguka, haitiki, hapumui, au anapiga pumzi moja moja kama samaki nchi kavu. Na la kwanza huzaa la pili. Msuli unaokosa damu unaanza kutoa cheche ovyo, kila mahali kwa wakati mmoja, vyumba vya chini vinatetemeka kama mfuko wenye minyoo badala ya kusukuma. Wengi wanaokufa kwenye saa ya kwanza, hicho ndicho kinachowaua. Yule ndugu yetu nadhani alikwenda hivyo, usingizini, bonge lilipokwisha kufanya kazi yake.

Nimeona mara moja tu kwa macho yangu mtu akirudi kutoka huko. Alikuwa mwalimu, miaka 52, kitandani wodini, ananieleza habari za mitihani ya darasa la saba. Katikati ya neno macho yakageuka. Daktari alikuwa hatua 3, mashine ya kushtua moyo iko ukutani, inachajiwa kila siku. Nikakandamiza kifua, daktari akaweka zile pedi, akasema tokeni, tukatoka, mwili ukaruka. Kimya. Halafu mdundo. Baada ya muda akafungua macho, akatazama miguu yake, akauliza, "Viatu vyangu viko wapi?" Alikuwa na hasira kabisa, kama mtu aliyeibiwa.

Mara nyingine, kituo kingine ambacho sitakitaja, mashine ilikuwapo. Imefunikwa shuka safi, imepigwa pasi. Betri imekufa. Sijui ni lini mara ya mwisho mtu aliichomeka. Mgonjwa wetu hakuuliza viatu.

Hapa stendi hatuna mashine. Tuna mikono. Kila dakika inayopita bila mashine, nafasi ya mtu kurudi inapungua kwa asilimia 7 hadi 10, na mikono ndiyo inayozuia isipungue haraka. Mtu ameanguka, umemwita haitiki, hapumui vizuri: mlaze chali kwenye kitu kigumu, si kwenye godoro la kabini. Kiganja katikati ya kifua, cha pili juu yake, viwiko vimenyooka, kandamiza kina cha sentimita 5, uachie kifua kipande, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Ukichoka, mwenzako apokee. Mbavu zinaweza kuvunjika. Zivunjike! Sijawahi kuona marehemu akishukuru kwamba mbavu zake ni nzima. Baada ya gawio nitabaki hapa, na gunia la maganda ya kahawa nimeleta, kila anayetaka aje alikandamize.

Sasa naingia pabaya. Mairungi. Miraa. Naona watu wameanza kutazama simu. Sikuja kuwahukumu, najua tajiri anataka mzigo ufike Elegu, mpakani na Sudan Kusini, kesho. Lakini kile kinachokunyima usingizi ndani ya yale majani kinaitwa kathinoni, ni ndugu wa karibu wa zile dawa za kulevya za kukesha. Kinapandisha presha, kinakimbiza mapigo, kinabana mishipa ya moyo. Weka juu yake kinywaji cha kuongeza nguvu, chupa 3, na sigara pakiti moja. Umemkanyagia moyo mafuta na breki kwa pamoja. Nimemaliza hapo, sitaki kugombana na mtu kabla ya gawio.

Kuna safari nyingine ambayo umeme ndio unaanza, na bonge linafuata. Hii nataka akina mama waisikie.

Mwanamke wa miaka 34, muuza mukene, yaani dagaa. Alikuja kwangu mara ya kwanza analalamika anachoka. Nilimshika mkono hapa, chini ya kidole gumba, nikasikiliza. Mapigo yake yalikuwa kama mvua ya kwanza juu ya mabati: tone, kimya, matone matatu mbio, kimya, tone. Hayana mpango wowote. Vyumba vya juu vya moyo wake vilikuwa havipigi, vinatetemeka tu. Na damu isiyosukumwa inafanya nini? Inatuama. Pembeni mwa chumba cha juu cha kushoto kuna kifuko kidogo, kama mfuko wa shati. Damu ikituama humo, inaganda. Bonge likikomaa, siku moja linachomoka na kupanda barabara kuu. Mara nyingi linakwenda kichwani, mtu anaamka na kiharusi. Mapigo ya namna hii huongeza hatari ya kiharusi mara 5 hivi. Mara chache, mara chache sana, linageuka na kuingia kwenye mshipa wa moyo wenyewe.

Kwake lilifanya hivyo. Kifua kilimbana akiwa anapima mukene kwa kikombe. Alipofikishwa Kampala wakampiga picha, mishipa yake ilikuwa safi, haina mafuta, isipokuwa bonge 1 lililokwama kwenye tawi moja, kama kokoto ndani ya bomba jipya. Miaka 34!

Yalianzia wapi? Yalianzia kooni, alipokuwa mtoto. Koo linauma, homa, wiki inapita, viungo vinavimba, vinapona. Mama anasahau. Lakini mwili ulipopigana na kile kidudu cha koo, streptokokasi, ukaujeruhi na mlango wa moyo. Mlango ukawa mgumu, chumba cha juu kikatanuka kwa kusukuma, kikachoka, kikaanza kutetemeka. Ugonjwa huu tunao sana Uganda, na Taasisi ya Moyo pale Mulago inaujua kwa undani. Utafiti uliofanyika Gulu, ukachapishwa 2021, uliwachukua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 17 ambao milango yao ilikuwa imeanza kuharibika kimya kimya. Waliochomwa sindano ya penisilini kila wiki 4, kwa miaka 2, walioendelea kuharibika ni 3 kati ya 399. Wasiochomwa, 33 kati ya 400. Sindano ile ile mnayonitania nayo, nyinyi watu wa Mombasa.

Huyu mama alikuwa ameandikiwa warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande. Aliiacha. Kwa nini? Jirani alimwambia, "Hiyo ni sumu ya panya." Na unajua nini? Jirani hakusema uongo.

Miaka ya 1920, kule Marekani na Kanada, ng'ombe walianza kufa kwa kuvuja damu. Unamkata pembe, damu haikomi. Walikuwa wanakula majani fulani yaliyooza kwa unyevu. Februari 1933 mkulima mmoja wa Wisconsin aliendesha karibu kilomita 300 kwenye dhoruba ya theluji, nyuma ya gari kabeba ng'ombe aliyekufa, mzigo wa majani yale, na kopo la maziwa. Ndani ya kopo hakuna maziwa, ni damu, na haijaganda. Akaishia maabara ya mwanakemia Karl Paul Link. Kutoka kwenye majani yale Link na vijana wake wakapata kile kinachozuia damu kuganda, na mwaka 1948 kemikali nyingine ya ukoo huo huo ikaanza kuuzwa kama sumu ya panya. Ndiyo warfarini. Mwaka 1955 Rais Eisenhower wa Marekani alipopata mshtuko wa moyo, alipewa dawa hiyo hiyo. Panya anapewa nyingi, avuje afe. Rais anapewa kidogo, kwa kipimo, damu yake ipimwe mara kwa mara.

Kwa hiyo jirani yako akikwambia ni sumu ya panya, mwambie ndiyo, na ni dawa ya Rais. Usiiache. Mboga za majani kama nakati, dodo na sukuma wiki usiache pia, ila uzile kwa kiasi kile kile kila wiki, usifunge mwezi kisha ule sufuria nzima. Na usiende duka la dawa kuomba daiklofenaki, ile dawa ya maumivu ya mgongo, au mizizi ya mtu bila kusema unatumia warfarini. Kipimo kikivurugika, ndipo unakuwa panya.

Yule mama anaishi. Mkono mmoja wa moyo, kama anavyosema mwenyewe, lakini anaishi, na mizani yake ya mukene sasa inashikwa na binti yake.

Dakika zangu zimebaki ngapi, mwenyekiti? Mbili? Basi miguu, haraka. London, mwaka 1940, mabomu ya Wajerumani yakidondoka, watu walilala wameketi kwenye viti ndani ya mahandaki, usiku baada ya usiku. Daktari Keith Simpson akaona watu wanakufa ghafla bila bomu kuwagusa. Damu iliganda ndani ya miguu iliyokunjwa, bonge likapanda, likapita moyoni, likaziba mapafu. Kifua kinauma, pumzi inakata, moyo unasimama. Nani mwingine ninayemjua anayelala ameketi usiku baada ya usiku? Shuka kila saa 2 au 3, zunguka lori lako, gonga matairi. Mguu mmoja ukivimba na kuuma huku ule wa pili uko sawa, usiuchue kwa mafuta. Uonyeshe.

La mwisho tufanye pamoja, halafu nampisha mweka hazina. Geuza mkono wa kushoto, kiganja juu. Vidole viwili vya mkono wa kulia, si gumba, weka hapa, upande wa kidole gumba, bonde kati ya mfupa na mshipa mgumu. Bonyeza kidogo. Umepata? Mzee, sogeza juu kidogo. Hapo hapo. Nitatazama saa, utahesabu sekunde 30, kisha uzidishe mara 2. Ukipata zaidi ya 100 na hujakimbia, au chini ya 50, au ukisikia ile mvua ya kwanza juu ya mabati, usipige kelele na usimwambie jirani kwanza, njoo tu kwenye meza ile yenye mashine ya presha. Zimeni redio ya lori hilo, tafadhali. Tayari? Anza.